Mtu Niliyechangia Naye Meza

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tse Wai-fong. Umri: miaka 56. Kazi: muuza tofu sokoni. Makazi: Sham Shui Po, Hong Kong. Uhusiano na mshukiwa: hakuna.

Leo, tarehe 14 Machi 2016, saa sita mchana, nilikuwa mkahawani karibu na soko, nikila tambi za miguu ya nguruwe. Mwanamume mmoja alikuwa mbele yangu. Akaingia Bi Kwok, ambaye mwanawe anamchumbia binti yangu. Kwingine kulikuwa kumejaa, akakaa kwetu.

"Huyu nani, dada?" akauliza.

"Simjui. Tumechangia meza tu."

Mchana watu wasiojuana huchangia meza, kwa hiyo hakushangaa. Mwanamume yule aliinamia bakuli lake.

Alipomaliza kula alisimama wima, akamwambia mhudumu, "Afande, naomba kwenda chooni."

Mkahawa mzima uliangua kicheko. Mhudumu akasema, "Nenda, bwana mkubwa! Wali wa Mfalme, chakula cha jela, umeula gereza gani? Mbona hawakukunenepesha?"

Bi Kwok akavuta mkoba wake haraka. Pochi haikuwemo. Akapiga kelele, "Mwizi! Mfungwa huyo, mkamateni!"

Walimkamata mlangoni mwa choo. Hakukutwa na pochi, wakasema ameshampa mwenzake. Konstebo alimuuliza amekuja na nani. Alinitazama mara moja tu, akajibu, "Peke yangu." Nami nikanyamaza. Naona aibu hata kulitamka jambo hilo.

Sasa nasema. Tangu Bi Kwok aketi, mikono ya mtu huyu ilikuwa mezani, mmoja umelikumbatia bakuli kama ataporwa. Mkoba ulikuwa upande wangu, ukutani. Hakuugusa. Ameachiwa kwa masharti, na kwa shaka hii atarudishwa ndani. Nayajua hayo kwa sababu mimi ndiye niliyempokea getini mwa gereza leo asubuhi, nikamchemshia majani ya balungi aoge nuksi. Miaka yote aliyofungwa niliwaambia watu kwamba ni mpishi wa meli.

Bi Kwok yuko hapo nje kwenye benchi na mlango uko wazi. Na asikie.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na hayo ndiyo niliyoyafanya. Nimesomewa, ni kweli.

Sahihi: Tse Wai-fong

Maelezo ya afisa: Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliomba kalamu ili arekebishe mstari wa uhusiano. Amekata neno "hakuna" na kuandika: "Kaka yangu. Tulikuja pamoja." – Sajenti Yip