Nati Ulizonikazia

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Watoto wakirudi shule wasikute mlango umefungwa. Nguo zikikauka, anua.

Gitaa usiliguse tena.

Wiki nzima nimelala chali chini ya lile gitaa la mtumba, linalosimama kwa miguu kama meza, nikirekebisha pedali zake. Unajua linavyofanya kazi: ukikanyaga pedali, uzi unavutwa na sauti inapanda, ukiachia, uzi unarudi mahali pake. Leo asubuhi nakukuta huko chini na spana yako ya mabomba, meno yote nje: “Mama, nati zilikuwa zinacheza, nimekukazia.”

Umekaza zote! Nikakanyaga, sauti ikapanda. Nikaachia, ikaganda huko huko juu, inalia kama paka aliyebanwa mlangoni. Nawe ukacheka: “Kilicholegea huvuja.”

Huvuja kwenye mabomba yako, fundi. Hapa ule ulegevu kidogo niliuacha makusudi. Ndio unaoupa uzi nafasi ya kurudi.

Na ingekuwa gitaa tu, ningenyamaza. Nani kapiga simu, nilikuwa wapi, mbona nimechelewa: kila siku unakaza kidogo, halafu unasema unanisaidia.

~~Nitarudi jioni.~~ Niko kwa dada. Mchele nimeshauchagua, pika mwenyewe. Spana yako nimeondoka nayo, usiitafute.

Na usipige simu kuuliza narudi lini. Hebu achia, kwa mara ya kwanza, uone kama sirudi mwenyewe.

Mama watoto