Barabara ya Warumi Mikononi mwa Mama

S.L.P. 4418,
Nairobi.
14 Septemba 1969

Mpendwa ndugu yangu Muthama,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Ngara. Hujambo, na baridi ya huko Italia inakuendeaje? Mimi na mume wangu Gerishon tu wazima, na kushona nguo bado kunatupatia ugali. Mdogo wetu Annah yuko kule kule Mutuini, anazidi kunenepa na hataki kuambiwa.

Aliye mgonjwa ni Mama. Tangu mwisho wa Agosti amelazwa katika hospitali kubwa, kule Upper Hill. Ni moyo. Daktari alinivuta kando akaniambia kama kuna mtoto aliye mbali, aitwe. Siku hiyo hiyo nilinunua karatasi nikuandikie uache hiyo kazi ya mawe ya watu urudi nyumbani.

Nilikuwa nimekukasirikia, sikufichi. Nilimuuliza Gerishon, ni mtu gani huyu anayebembeleza barabara isiyopita gari, na mama yake yuko kitandani?

Halafu ikafika barua yako pamoja na picha ya barabara hiyo. Nikampelekea Mama na kumsomea uliyoandika: kwamba Warumi waliitandika barabara hiyo karibu miaka elfu mbili iliyopita, kwamba maji yamekula udongo chini yake, na sasa mnainua mawe moja moja, mnatia mchanga mpya, kisha mnarudisha kila jiwe palepale lilipokuwa. Na kwamba msipomaliza kabla ya mvua kubwa, kipande hicho kitaporomokea bondeni.

Muthama, Mama aliinuka akakaa. Aliishika picha kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye ile mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni. Akaniuliza kama kweli gurudumu linaweza kula jiwe. Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Nami nikawaza juu ya wenye mikokoteni hiyo. Watu wote hao walishakwenda zao, majina yao hatuyajui, na njia yao bado ipo.

Ndipo akanisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia. Wakati wa mkoloni, chifu aliwatoa yeye na akina mama wenzake kwenda kuchimba barabara kule Machakos, watoto mgongoni, bila hata uji. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwake ni wewe. Mvua za mwaka uliofuata ziliifagia barabara yote na hakuna aliyejali. Akauliza, hao wa Roma nao walilazimishwa? Nani alikuwa akiwapikia? Sasa kila nikiitazama picha hiyo naona mikono ya watu.

Nilipomwambia kwamba nakuandikia urudi, alikataa kabisa. Alisema, "Kazi ya watu wale isiende na maji kama yetu. Mwambie amalize. Mimi nitamngoja."

Picha ameiweka chini ya mto, na hakuna muuguzi ambaye hajaonyeshwa. Anawaambia mwanawe ndiye anayeishikilia barabara hiyo isianguke. Lakini usiku anahema kwa shida, na sijui kama ataweza kungoja.

Gerishon anakusalimu sana. Annah anasema umletee viatu vya huko, usijifanye umesahau. Mungu aizuie mvua ya huko, na amshike Mama mkono.

Kwa hiyo sikuiti, ndugu yangu. Maliza, lakini fanya upesi.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Nzula