Picha ya Mwanamke na Chungu

Harjit uliyekuwa wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unaoa, hongera, na bibi yako mkongwe anataka picha yake irudi itundikwe siku ya harusi. Umeniandikia hata anwani ya kuituma kwa posta. Bon, sawa. Mimi nimeishi Bujumbura, Kigoma na Marseille kabla ya kutua mtaa huu wa Schaerbeek, nimeachwa na wanaume wa kila pasipoti, lakini kudaiwa picha baada ya kuachwa, hiyo ni mara ya kwanza.

Unakumbuka uliponipa? Tulikaa uwanja wa Flagey, ukaichomoa kwenye gazeti kama samaki wa wizi. Karatasi ya manjano, mwanamke yuko mtoni amekumbatia chungu asizame, mpenzi wake ng'ambo. Ukanieleza kwamba huko Punjab mafundi walichonga picha za mapenzi ya kale kwenye ubao, wakapiga chapa nyingi, wakapaka rangi mbiombio, Makalasinga wa kawaida wakanunua. Nyekundu ya mtandio ilikuwa imemwagikia majini. Nikasema mpakaji alikuwa anawahi chakula. Ukacheka mpaka kilemba kikalegea. Halafu ukasema, "Hawa ni mimi na wewe."

Shule niliiacha darasa la sita, picha sikuisoma vizuri. Sasa nimeisoma. Anayeogelea ni mwanamke. Mwanaume amekaa ukingoni, miguu mikavu, anapuliza filimbi. Donc, kumbe hukunidanganya! Miaka mitatu ni mimi niliyepanda tramu kuja kwako Auderghem, sufuria ya maharage mapajani, nikishuka kituo kimoja kabla ili shangazi zako wasinione. Wewe kwetu hukufika hata siku moja. Maman alikukaangia sambusa mara mbili. Mara zote mbili ulikuwa na mafua.

Picha nimeitundika sebuleni. Maman hapendi sura za watu mahali anaposwalia, nikajua atanifokea. Akavaa miwani, akaitazama sana.

"Na huyu kijana," akauliza, "maji anayaogopa?"

Nina hasira, Harjit. Lakini bibi yako hana kosa, na picha ni yake, sitaichana. Ila posta siendi. Njoo mwenyewe Jumamosi, mchana kweupe, upige kengele, uvue viatu, umwamkie maman, uishushe kwa mikono yako. Usipokuja, basi umweleze bibi yako, bibi harusi akisikia, kwa nini ukuta wenu uko mtupu.

Mpenzi wako wa zamani,
Zainabu