Pole Wameipeleka Wapi?

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeunguza gauni. Acha niandike hapa hivyo hivyo, maana kazini sikusema.

Satini, rangi ya maziwa. La mteja aliyekuwa akituletea nguo zake kabla hata mimi sijaajiriwa pale kwenye duka la dobi. Mtoto anaota meno, jana hakunipa hata usingizi wa kuku. Nimekwenda naye kazini kama kawaida, kwenye kapu lake chini ya meza. Pasi yangu ilikuwa inanipiga shoti, nikachukua ya Dada Mvuke — tunamwita hivyo kwa sababu akishaanza kupiga pasi humwoni, unamsikia tu anaimba ndani ya mvuke. Yeye alikuwa uani anaanika mashuka. Nilifumba macho kidogo, nimesimama wima. Harufu ndiyo iliyonishtua.

Alama iko kiunoni. Kahawia, umbo la pasi kamili mpaka ncha.

Niliiacha pasi palepale nikaenda kuchota maji. Hapana, si maji. Nilikimbilia chooni nikajifungia. Nilipotoka, bosi ameshika gauni mkono mmoja na pasi mkono wa pili. Ile pasi ina kitambaa chekundu kwenye mpini, Dada kakifunga mwenyewe. Hakuna asiyeijua.

Bosi akamgeukia yeye. Dada akaitazama pasi yake, kisha gauni, akasema labda hakuizima, hakumbuki. Bosi kasema mwenye gauni anakuja Jumamosi, na Jumamosi hiyo hiyo aliyeunguza atatoka na virago vyake. Mpaka siku hiyo asiguse pasi, akafue kwa mikono huko nyuma.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikamshika bega.

"Pole, dada," nikamwambia.

Kwa mdomo huu huu.

Jumanne, 5 Machi

Kasuku hataki kuoga bila hadithi. (Binti yangu mkubwa. Jina amejipatia mwenyewe, kwa kutonyamaza.) Hadithi zangu zote anazijua, nikatunga mpya: kulikuwa na nchi isiyo na baya lolote. Hakuna mwizi, hakuna anayegombeza. Moto wa huko unapasha tu, hauunguzi. Najua ilitoka wapi. Nilikuwa naisimulia huku nastarehe ndani yake.

"Mtu akianguka wanamwambiaje?"

Nikasema huko hawaanguki.

"Akijikwaa?"

Hawajikwai.

"Sasa pole wameipeleka wapi?"

Nikammwagia maji kichwani anyamaze. Akayatema, akaendelea. "Mimi siendi huko. Nikilia nani atanibembeleza?"

Huko hutalia, nikasema. Akaniangalia kama nimemnyang'anya kitu.

Baba yao alikuwa anafunga viatu, anaenda lindoni kule ghalani. Anasema hata yeye haendi. Huko yeye na fundi kufuli watakaa kibarazani wanatazamana, hakuna kazi. Akacheka peke yake mpaka kamba ikamponyoka. Nami nikacheka, halafu nikakumbuka gauni.

Sijamwambia. Huwa anawaambia watu: mke wangu hajui kusema uongo. Kweli, uongo sikusema. Sikusema kitu.

Jumatano, 6 Machi

Mikono ya Dada imevimba kwa sabuni. Anaipulizia akidhani simwoni.

Wakati wa mapumziko alikuwa anamweleza fundi cherehani wa pale kazini kwamba kichwa chake kinamtisha. Jana alirudi nyumbani mara mbili kuangalia kama jiko limezimwa. Lilikuwa limezimwa. "Mimi nilikuwa sisahau, fundi. Mama yangu alianza hivi hivi." Fundi akamtania kwamba anachosahau ni madeni tu. Dada hakucheka, na yeye ni mtu wa kucheka.

Halafu akaniona ninavyosinzia. Akasema, mdogo wangu, jiegeshe nyuma ya mapazia, mtoto nitamsikiliza mimi.

Nikalala! Nililala kweli, fofofo.

Sasa niko jikoni naisubiri sufuria ichemke, nawaza ile nchi ya Kasuku. Dada wa huko angekuwa nani? Mtu wa meza ya pili, anapiga pasi, anakwenda kwake. Mtoto wa huko haoti meno kwa maumivu, mama wa huko hachoki, basi hakuna wa kumwambia jiegeshe. Nisingemjua Dada hata kidogo. Nikajiona nimepata jibu — kwamba bora dunia hii, pamoja na mabaya yake.

Lakini ni rahisi kwangu. Mikono iliyovimba si yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Nilikwenda mpaka kwenye karai lake nikiwa na maneno yote tayari. Akainua kichwa. Nikamwuliza kama kuna sabuni.

Ijumaa, 8 Machi

Kasuku ameitengeneza ile nchi. Kasema leo tuweke baya moja tu. Dogo. Mwiba. Ili pole irudi.

Nikamwuliza nani atachomwa.

Akafikiri, kidole mdomoni. "Mtu mwingine."

"Kwa nini mwingine?"

"Kwa sababu sisi ndio tutasema pole."

Taulo likanidondoka ndani ya beseni. Nilimshika mabega, nadhani kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Nikamwambia aliyeweka mwiba hasemi pole. Anasema nisamehe.

"Si ni sawa tu?"

Si sawa. Pole anaweza kuisema yeyote, hata mpita njia. Haimtaji aliyefanya. Nisamehe ina mwenyewe.

Akaniuliza, "Wewe umewahi kuisema?"

Nikamwambia akavae, atapata baridi. Hali ya hewa ilikuwa ya joto.

Baba yao alipotaka kutoka nikamzuia mlangoni, nikamwambia yote, haraka haraka. Akakaa chini na kofia yake ya lindo kichwani. Halafu akasema, kazi ikienda, itakwenda. Lakini ukaseme kesho asubuhi, si mchana. Akaondoka bila kuniaga vizuri. Ni haki yake.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwenye benchi la nje ya duka la dobi. Mtoto amelala mapajani. Mwenye gauni yuko ndani na bosi, nasikia sauti yake, haigombi, ndiyo inanitisha zaidi. Dada amekaa upande ule mwingine wa benchi. Kati yetu kuna mfuko wake, ameshaweka kandambili zake na kile kitambaa chekundu.

Nimemwambia. Nilimkuta anakifungua kitambaa kwenye mpini wa pasi. Nikasema, "Dada, nisamehe."

"Ya nini tena, mdogo wangu? Mambo ya kazi haya."

Nikasema ni mimi. Pasi yako, mkono wangu. Nilisinzia. Kichwa chako kizima, hukusahau chochote.

Nilidhani atapiga kelele. Alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka, nikaona kwanza ni nafuu: kichwa chake ni kizima. Akafuta macho kwa kiwiko. Kisha nafuu ikampita, akaniangalia.

"Siku zote hizi," akasema, "ulikuwa unaniambia pole."

Sikuomba aseme lingine.

Mtoto ameanza kulia sasa hivi, fizi tena. Mkono wa Dada umeinuka wenyewe kuelekea kwake, kama kawaida yake. Ukasimama hewani. Ameurudisha kwenye mfuko.

Bosi anaita kutoka ndani. "Aliyeunguza, aingie!" Hajataja jina. Dada hajasogea, ananitazama tu. Sina wa kumwachia mtoto. Naingia naye —