Siku Baba Alipobatizwa

Dada yangu mpendwa,

Nianze na magoti yako, maana yamenitia wasiwasi tangu uliposema ngazi za kanisani sasa unazipanda kwa kushikwa mkono. Yanaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako anakusalimu sana, na cherehani yangu inalalamika kama mzee lakini bado inashona.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema nyumba yenu ya watawa inafungwa, mmebaki watatu, na mdogo wenu ana miaka sabini na moja. Halafu ukaniuliza kama maisha yako yote yamekwenda bure. Swali hilo limeninyima raha. Nitakujibu, ila kwanza nikupe habari za hapa.

Kanisa letu nalo limefungwa. Si kwa ugomvi. Paroko alikuja Jumapili iliyopita, akatuhesabu kwa macho, tukawa kumi na tisa. Akasema kuanzia sasa tutasali kwenye parokia ya mjini. Alisema kwa upole. Unakumbuka miaka ile baada ya uhuru, misa tatu kila Jumapili na watu wamejaa mpaka nje madirishani? Mwaka mmoja nilishona nguo za komunyo ya kwanza za watoto mia moja na arobaini, vidole vikavimba. Mwaka jana walikuwa wanne. Watoto wa wale wa zamani wengine wako kanisa la ng'ambo ya barabara, lile la vipaza sauti, na wengine Jumapili wanafua nguo na kupumzika. Siwalaumu. Kanzu za kwaya ya ng'ambo nimezishona mimi, na mchungaji wao ni mteja mzuri kuliko maparoko wote niliowashonea, maana hanibishii kuhusu pindo.

Tulipokuwa tunahamisha vitu, mimi nilipewa kubeba vitabu vya ubatizo. Nikafungua kile cha zamani kuliko vyote, kilichoandikwa na padre mzungu kwa mwandiko wa kulala. Nikaliona jina la baba. Chini yake lako, tarehe ileile. Ulikuwa na miaka saba, mimi sijazaliwa.

Hapo nikaona siwezi kuendelea kunyamaza. Dada, kuna jambo baba aliniambia wiki moja kabla hajafariki, nami nimekuficha miaka kumi na moja. Wewe siku zote umesema uliingia utawa kwa kufuata imani ya baba. Siku hiyo nilimuuliza, kwa kupitisha muda tu, ni nini kilimvuta kubatizwa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Shule ya misheni ilikuwa haipokei mtoto ambaye baba yake hajabatizwa," akasema. "Na dada yako alikuwa anachora herufi uani kwa kijiti, akiwasomea kuku. Ningefanyaje?"

Nikamuuliza, basi mbona alifagia lile kanisa kila Jumamosi kwa miaka arobaini. Akasema mwanzoni aliona aibu kuchukua dawati la watu na kuondoka zake. Baadaye akazoea. Na baada ya hapo hakujua tena ni lini alianza kusali kweli.

"Usimwambie," akasema. "Atadhani nilimdanganya."

Nilimtii mpaka leo. Nisamehe kwa hilo, na umsamehe na yeye.

Sasa jibu lako. Mwezi uliopita nilikwenda kupima presha. Muuguzi alipoona jina letu kwenye kadi akaniuliza kama mimi ni ndugu yako. Akasema ni wewe uliyekwenda kwao kukaa na baba yake siku tatu mpaka mzee akakubali binti yake asiozwe, arudi darasani. Alinishika mkono muda mrefu, foleni ikaanza kunung'unika. Na mimi mwenyewe, nani alinifundisha kusoma wakati wa likizo, tumekaa mlangoni pa jikoni? Sijui kanisa litakuwaje miaka ijayo. Najua lilichotupa, na najua mikono iliyotufikishia. Nashukuru, Dada, kwa yote.

Usiende kwenye nyumba ya wazee waliyokutajia wakubwa wa shirika lako. Njoo nyumbani. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi, dirisha linaangalia bustani ya mboga. Msalaba mdogo wa sakristia, kile chumba padre alichovalia, paroko aliniachia. Nimeufunga kitambaa nikauweka kabatini, maana sijui baada ya kusoma haya utautaka ukutani au la. Utaniambia mwenyewe ukifika. Msumari nimeshaupigilia. Kama si msalaba, utatundika sweta.

Wasalimie wenzako wawili, na huyo mdogo wenu mwambie asikimbie kwenye ngazi.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Fundi Kanzu