Mshumaa wa Ghalani kwa Baba

Valea Nucilor,
Moldova,
Ijumaa, 19 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu Lilia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo unaendeleaje? Na yule bibi wa Kiitalia unayemuuguza, bado anagoma kula? Sisi hatujambo. Mama miguu inamsumbua baridi ikianza, lakini juzi alipika plachinta, vile vimkate vya kabeji, akala tatu peke yake, kwa hiyo usimhurumie sana.

Barua hii na chupa mbili za jamu ya plamu nampa dereva wa basi dogo la kesho akuletee Padova. Ningeweza kukupigia simu, ila ningekufokea ukakata, nami nataka unisome mpaka mwisho.

Lilia, nimeliona jina lako.

Mkuu wa shule aliniita Jumatatu akanionyesha malalamiko ya wazazi. Majina kumi na moja, mengi ya ninyi mlioko nje, mmeyakusanya kwenye kundi lenu la simu. Eti mwalimu wa kemia anawapotezea watoto muda kwa mapipa na siki badala ya kuwaandaa kwa mtihani wa mwisho, kwa hiyo aondolewe darasani. La saba ni lako. Ndugu yangu wa tumbo moja! Mkaguzi anakuja Ijumaa ijayo kuamua.

Najua unataka Felicia wako asomee udaktari huko. Hata mimi nataka. Lakini ulishindwa kuniuliza kwanza? Simu ya kusainia unayo, ya kuniuliza huna?

Basi nikueleze hayo mapipa. Niliwaambia wanafunzi walete maji ya zabibu yanayochacha. Tukapitisha mapovu yake kwenye maji ya chokaa, chokaa ileile tunayopaka mashina ya miti, yakawa meupe kama maziwa. Binti yako akasahau kuniita mwalimu. "Mama mkubwa," akasema, "kwa hiyo hii ndiyo inayojaa ghalani kwa babu?" Miaka ishirini na miwili nafundisha hewa ukaa, na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza hivyo.

Unamkumbuka Iacob, mkwe wa jirani yetu Trofim? Mwaka jana, mwezi kama huu, Trofim alishuka kwenye ghala lake la chini kuonja divai changa, hakupanda tena. Iacob akakimbilia chini kumtoa, naye akabaki hukohuko. Tuliwazika siku moja.

Iacob alikuwa mwanafunzi wangu. Hewa ukaa aliijua kwa moyo: fomula yake, inavyotengenezwa, kwamba ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Nilimpa kumi juu ya kumi mimi mwenyewe! Sikumwambia hata siku moja kwamba inatoka kwenye pipa la baba mkwe wake na kulala palepale anapoinama kuchota. Kitabu hakikusema, nami nikafuata kitabu. Sijasamehe kitabu na sijajisamehe mimi. Na ninyi mnasaini nikirudie!

Sasa sikiliza ya juzi Jumatano. Unajua zamani hakuna aliyeshuka kwa mapipa bila mshumaa; ukififia, unatoka mbio. Siku hizi kila mtu ana tochi ya simu, na tochi ya simu inawaka vizuri tu hata hewa ya kupumua ikiisha. Baba alikuwa keshafungua mlango wa ghala, simu mkononi, Felicia akamkamata koti.

"Babu, ngoja mshumaa."

"Mshumaa wa nini? Kwani mimi maiti?"

"Bado. Ndiyo maana nimekushika."

"Nipishe, daktari wa uongo! Nilianza kushuka humu mama yako hajazaliwa."

Hakumpisha. Aliufunga mshumaa kwenye mpini mrefu wa reki, akaushusha taratibu. Ngazi ya tano ukazimika. Akauwasha tena, ukazimika palepale. Baba akakaa kizingitini, akafanya ishara ya msalaba.

Felicia anasubiri Jumapili ukipiga simu akusimulie. Mwache asimulie yote, ujifanye hujui. Habari ya malalamiko hajui, sijamwambia. Lakini nimemchagua yeye amwonyeshe mkaguzi lile jaribio la chokaa, na mkuu amesema malalamiko yatasomwa hapohapo darasani, na majina yake. Mimi aibu nitaimeza. Mtoto asimame pale na gilasi mkononi, asikie jina la mama yake? Hapana. Kalifute, Lilia. Kabla ya Ijumaa.

Shangazi Eufrosina anakusalimu na kuuliza kama soksi zilikutosha. Mama anakusalimu, anasema uvae vizuri. Mungu akulinde kazini na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Na Baba anakusalimu. Yasome tena maneno hayo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo nilivyokasirika,

Axenia