Gemu Yangu na Mlango wa Evans

Jumapili, Sironga. Mvua imeanza mapema leo, ile ya kila siku, na sina hata nguvu ya kuilaumu kwa kunikatia mtandao.

Gemu yangu ya kwanza iko hewani tangu wiki juzi. Nilidhani leo ningekuwa naandika hapa kwa majivuno. Badala yake nimeshinda jikoni kwa mama, nikimkwepa baba yangu.

Kwa mgeni wa blogu hii: gemu inaitwa Asubuhi ya Mzee, na huchezwa kwenye simu. Unakuwa mzee wa boma anayeamka kabla ya wengine wote. Unafungulia kuku, unapita mlango kwa mlango kuona watu wako wameamkaje, halafu unachuma majani chai na kuyafikisha kituoni kabla lori la kiwanda halijaondoka. Hakuna bunduki, wala hushindani na mtu ila lori. Niliitengeneza peke yangu, kwa kompyuta ambayo feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

Mzee huyo ni baba. Sikujaribu kumficha. Nilimchora na kofia yake na gambuti zake, nikatia hata kikohozi chake. Baba hukohoa kabla ya kuzunguka kona ya nyumba yoyote, ili waliopo wajue mtu mzima anakuja. Nilimwomba akohoe kwenye simu nimrekodi. Akakohoa, akacheka, akarudia vizuri zaidi. Kisha akaenda kutangaza kituoni, kwenye foleni ya majani, kwamba sauti yake itasikika hadi ng'ambo.

Nyumba ya mwisho kwenye gemu ni ya kijana wa mzee. Kijana ameoa, na anaumwa. Mzee anafungua mlango, anaingia hadi chumbani, anamfunika blanketi. Basi. Hakuna alama unazopata kwa kufanya hivyo.

Hapo ndipo nilipolikoroga.

Kwetu Wakisii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakuna askari wa kumkamata akiingia, lakini haingii. Tunaiita ensoni, heshima iliyochanganyika na haya, na mtoto wa hapa huijua kabla hajajua kuhesabu. Mimi pia niliijua. Ule mlango niliufungua kwa makusudi.

Maana kaka yangu Evans aliugua figo akiwa ndani ya nyumba yake, hapo ng'ambo ya migomba, na baba hakuingia hata mara moja. Watu walimwambia siku hizi wazee wanaingia, hasa kwa mgonjwa. Mchungaji mwenyewe alimwambia. Akakataa. Nilikuwa nikija mwisho wa wiki kutoka chuoni, namwona anafika chini ya dirisha, anamsalimia Evans kupitia ukutani, Evans anajibu, baba anaenda zake. Siku aliyomwona tena uso kwa uso, Evans alikuwa ndani ya jeneza. Nilimkasirikia baba kiasi kwamba kwenye mazishi sikuweza kusimama karibu naye. Sikumwambia mtu. Hasira yote niliitia kwenye gemu.

Wageni waliipenda. Mtu mmoja wa Brazili aliandika kwamba alipofika kwenye blanketi aliiacha gemu akampigia babake. Maoni hayo niliyasoma mpaka nikayakariri. Nilivimba kichwa, sikatai.

Halafu watu wa nyumbani wakaipakua.

"Aliyetengeneza hii ni Mkisii kweli? Buda anaingia aje kwa nyumba ya kijana yake ako na bibi? Hiyo ni madharau." Nyota moja. Mwingine, aliyesema yuko Marani, aliandika kwa upole: "Dada, gemu ni poa sana, lakini hapo kwa mlango nilizima simu. Nilikuwa nacheza na watoto."

Huyo wa pili alistahili shukrani. Sikumshukuru. Niliwajibu wote kwa pamoja, hadharani, kwamba mila inayomweka mzazi nje mwanawe akifa ndani haina maana kwangu, na asiyependa aifute gemu. Hasira hasara, tuliambiwa tangu shule ya msingi, na bado nikabonyeza tuma. Jibu langu likapigwa picha likazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Na kwa kuwa kile kikohozi kinajulikana kutoka hapa hadi kiwandani Itumbe, hakuna aliyehitaji kuuliza ni mzee gani.

Jana Sabato, baada ya ibada, mzee mmoja wa rika la baba alimsimamisha mbele ya wenzake. "Tunasikia siku hizi unaingia mpaka chumbani kwa watoto." Wakacheka. Mama ndiye aliyenisimulia. Anasema baba alicheka nao, akachukua Biblia yake, akarudi nyumbani peke yake bila kumngoja.

Tangu jana hakohoi. Anazunguka kona kimya na kutushtua.

Nilidhani nimempa baba zawadi. Kumbe nilimshtaki mbele ya dunia nzima, kwa sura yake mwenyewe na sauti yake mwenyewe. Naona aibu, ndiyo maana nimejificha jikoni.

Leo mvua ilipokolea, ameniita barazani. Nilijua nimekwisha.

"Ilete hiyo simu niione," akasema.

Nikamwekea gemu, nikamwonyesha pa kugusa. Kidole gumba chake ni kipana na cheusi kwa utomvu wa majani, kwa hiyo mzee wa kwenye simu alikuwa akienda huku na huku kama aliyekunywa. Baba hakucheka. Akafungulia kuku. Akapita jikoni kwa mkewe. Akavuka migomba, akafika mlangoni kwa kijana, na alama ya mkono ikajitokeza kumwambia aingie.

"Bonyeza hapo penye mkono, tata," nikamwambia baba.

"Nimepaona."

Hakubonyeza. Yule mzee alisimama tu pale, anapumua, maana sikumpa kitu kingine cha kufanya. Kila kioo kilipofifia, baba alikigusa kiwake tena. Mvua ilipiga mabati.

"Huyu mzee wako hana pa kukaa," akasema mwishowe.

Sikumwelewa.

"Mimi nilikuwa nabeba kiti. Alfajiri, mama yako akidhani nimeenda kuangalia ng'ombe. Nakaa pale nje namsikia kaka yako akipumua. Nikisikia mke wake ameamka, naondoka."

Aliyasema bila kuniangalia. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikamwuliza kama niufunge mlango wa kwenye gemu. Pengine ni swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

"Mlango ni wako, Moraa. Mimi niwekee kiti."

Akanirudishia simu, akavaa gambuti, akatoka kwenda zizini na mvua ile ile.

Sasa nimebaki na kazi. Lile jibu nimelifuta, ingawa picha zake siwezi kuzifuta. Yule wa Marani nimemwandikia kwamba alikuwa na haki ya kuzima simu na kwamba nilimkosea adabu. Mlango sijaamua. Nikiufunga, lile blanketi halitamfikia kijana, na yule wa Brazili atauliza kwa nini. Nikiuacha wazi, baba atakutana tena na wenzake Sabato ijayo, na safari hii nitakuwa nimemwacha akitahayari nikijua. Hakuna mchezaji wa kunijibia hilo.

Kiti ndicho nitakachoanza nacho kesho. Nimemfuata baba zizini kumwuliza nikiweke wapi. Akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya migomba, akasema chini ya dirisha, upande ule Evans alikokuwa akilaza kichwa.

Mimi nilikuwa nikiingia na kutoka nyumba ile nipendavyo, na sikuwahi kujua ni upande gani.